Tumeokoa saa mbili Kigongo. Mwanza tunakwenda kukaa wapi?

Tangu Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, pande mbili za ghuba ya Ziwa Victoria jirani na Mwanza, hesabu moja inarudiwa kila mahali, redioni, kwenye daladala, hata kwenye hotuba za mambo yasiyohusu daraja: zamani kuvuka ghuba ile kulikula hadi saa mbili ukijumlisha foleni, leo ni dakika zisizozidi tano. Hesabu ni sahihi, nami nimeipiga kwa saa ya mkononi. Kinachonitatiza ni jibu linaloandikwa chini yake, kwamba kwa kuwa gari sasa linafika haraka, basi Mwanza imeshakuwa mji wa utalii. Hapo tunajidanganya. Barabara fupi humfikisha mgeni, na barabara hiyo hiyo humpitisha. Anayetoka Serengeti kwa lango la Ndabaka akielekea hifadhi za Rubondo au Burigi-Chato, zamani alilazimika kuzubaa kwenye foleni ya kivuko, na aliyezubaa huwa ananunua kitu. Leo anajaza mafuta Buhongwa, anachukua chupa ya maji, anakanyaga. Mwanza kwake ni taa za barabarani na matuta.

Ninavyoona mimi, kinachomkalisha mtu mjini, awe mgeni wa Berlin au wa Bariadi, ni ufuo unaotembeka kwa miguu, wenye kivuli na mahali pa kukaa pasipo mtu wa kuja kukuuliza unakunywa nini. Huu unaoitwa siku hizi utalii wa polepole tumeuchukulia kama aina fulani ya hoteli, au kifurushi cha kuuzwa na wakala, kitu cha kuandikiwa andiko la mradi. Mimi nauona kama tabia inayozaliwa na mji ambao wenyeji wake wenyewe wana pa kukaa kimya mbele ya maji yao. Mgeni hujiunga tu. Mwanza ina maji, ina mawe ambayo hakuna mji mwingine nchini unayo, ina jioni ambazo mtu angezilipia. Pa kukaa ndipo hapana. Tusipopatengeneza sasa, daraja letu zuri litatufanya kituo cha mafuta chenye mandhari.

Niwe mkweli kwanza kuhusu kivuko, maana kuna watu wameanza kukililia kana kwamba kilikuwa starehe. MV Misungwi, MV Mwanza na MV Sengerema zilifanya kazi kubwa, lakini mgonjwa aliyefika Kigongo usiku, huduma ikiwa imesimama, hakuona ukubwa wowote. Aliona giza na maji. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Bugando kutoka Sengerema huwezi kumwambia afurahie upepo. Lori la samaki lenye barafu inayoyeyuka, vivyo hivyo. Anayesema kivuko kingebaki kwa ajili ya watalii hajawahi kuwa na haja ya kweli ya kuvuka. Hata hivyo kivuko kilikuwa kinafanya kazi ya pili ambayo hakuna aliyekituma: kilimshusha kila mtu kwenye gari, bosi na utingo wake, kikamsimamisha mbele ya ziwa. Pale ndipo wengi wetu tulipolitazama. Mtu ananunua yai la kuchemsha, anapasuliwa, anatiwa kachumbari na pilipili, anaegemea chuma, upepo unampiga usoni, mara anamwuliza asiyemjua mvua huko kwao zikoje. Wauza mayai, karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, wa Kigongo na Busisi waliishi kwa kusubiri kwetu. Sasa kusubiri kumekwisha, kama kulivyopaswa kwisha, na utulivu uliokuja nako umeondoka pamoja nako. Ule wa lazima umekwenda. Wa hiari hatujaujenga.

Tazama mji wenyewe. Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazouunda mji, kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2022, na ziwa limeingia ndani ya mji kama vidole. Pamoja na hayo, mkazi wa Igoma au Mabatini anaweza kumaliza mwezi mzima asilione ila kwa mbali, kupitia dirisha la daladala, katikati ya mabango mawili. Shuka pale kwenye sanamu ya samaki, katikati ya mji, uelekee Kamanga. Kwa mguu ni karibu, hujamaliza karanga za mia mbili umefika. Jiwe la Bismarck hilo hapo majini, mawe yamebebana kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka, na bado halidondoki. Mnandi wamekaa juu wanaanika mabawa. Ukiinama kwenye mwamba wa ukingoni utamwona mjusi dume, kichwa na kifua chekundu, mwili wa buluu iliyoiva, anapiga pushapu zake akimwonya mwenzake asogee. Mjusi huyu wanasayansi walimpa jina la mji huu, Agama mwanzae, na sijawahi kuona kibao hata kimoja kinachomwambia mtoto wa shule habari hiyo. Hapo Kamanga una mita chache za kusimama. Geuka sasa uelekee Capri Point, na ukuta unaanza. Ukuta, geti, ukuta, michongoma, geti. Ziwa unalinusa, unalisikia likigonga mawe upande wa pili, hulioni. Mwaka 1858, Agosti 3, Mwingereza Speke aliliona ziwa hili kutoka kilimani jirani na hapa, akiwa ametembea tangu Kazeh, Tabora ya leo, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi ambao majina yao hayakupewa nafasi. Walikuja kwa miguu hadi majini. Leo wangesimamishwa getini waulizwe wana miadi na nani.

Lugha yetu imeshatoa ushahidi. Mwambie mtu wa Mwanza, au wa Dodoma au Dar es Salaam, kwamba unakwenda gadeni; atakuuliza nyama yake ikoje na bendi gani inapiga. Gadeni ni baa yenye nyasi. Bichi nayo, kwa huku kanda ya ziwa, ni mahali penye geti, spika kubwa na kiingilio siku za sikukuu. Sina ugomvi na nyama choma, nimekula yangu. Ila maneno yote mawili tuliyokuwa nayo ya kutaja mahali pa kupumzikia wazi yamekwisha kupewa biashara, na mahali pa kukaa bure, kimya, chini ya mti, hapana jina. Bustani imebaki ya mchicha au ya picha za harusi. Kitu kisicho na jina ni vigumu kukiombea bajeti.

Mwaka jana nilimpokea mama mdogo kutoka Sengerema, amekuja kliniki ya macho. Tulimaliza mapema, akasema hataki kwenda nyumbani kukaa ndani, apelekwe ziwani akapunge upepo. Tukapata ukingo wa saruji, umechongwa kama kiti ingawa haukukusudiwa, upande wa maji wa barabara moja nisiyoitaja. Akatandika kanga, akatoa matobolwa kwenye mfuko, akavua viatu. Hatukumaliza dakika kumi. Kijana wa ulinzi akaja, mpole, kofia mkononi. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu.” “Samahani mama, hapa hapakaliwi. Ni pa wateja.” Mama mdogo akatazama kushoto, akatazama kulia, akatafuta hao wateja. “Hata ziwa?” Kijana akacheka kwa aibu, akasema yeye ameambiwa tu. Tukaondoka. Simlaumu kijana, na waliomwajiri pengine wanaamini kabisa kwamba wana haki hiyo.

Je, wanayo? Hapa ndipo mjadala wetu umepinda zaidi, na panahitaji subira kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kibinadamu zenye sura ya kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inauhesabu ukanda huo huo miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Maneno haya, “mita sitini”, kila mtu wa ufuoni anayajua, na kila mtu anayajua kwa upande unaomwuma. Mama mwenye banda la dagaa anayajua kama bomoabomoa. Mwenye hoteli anayajua kama kitu cha kuzungumza na mtu ofisini. Halmashauri nyingi zinayatumia kana kwamba sheria imesema binadamu asikanyage. Haikusema hivyo. Njia ya miguu ya udongo ulioshindiliwa, mkuyu, benchi la mbao linaloweza kung'olewa maji yakipanda, hivi haviharibu hifadhi. Mti unaishikilia kingo. Ukuta wa tofali ulioingia majini ndio shughuli ya kudumu. Kwa hiyo tumefika mahali pa ajabu: sheria iliyotungwa kulinda ukanda wa wazi inatumika kumfukuza anayepita na kumwacha aliyejenga.

Ziwa lenyewe limekuwa likijitetea. Mwaka 2020 maji yalipanda kwa kiwango cha kutisha, yakapanda tena 2024, na wazee wakakumbuka mafuriko ya miaka ya 1960. Gati zilizama, mikahawa ya ufuoni ikawa na meza zenye miguu ndani ya maji, kuta zilizojengwa kwa ujeuri zikalala. Ziwa Victoria ni kilomita za mraba zipatazo 68,800 lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Ni sinia pana, mvua ikizidi kidogo linamwagikia pembeni. Ukanda wa mita 60 ukiwa bustani, ziwa likipanda unapoteza nyasi na mabenchi kadhaa, likishuka unarudi. Ukiwa jengo, unapoteza jengo, kisha unaanza kumtafuta wa kumlaumu. Kwa maana hiyo bustani ya ufuoni inastahili kuhesabiwa kama miundombinu ya kawaida kabisa, kama mtaro au kalavati, na ni rahisi kuliko vyote viwili.

Sasa wanaopinga. Wapo wanaosema utalii wa polepole ni maneno ya Ulaya yaliyoletwa na watu walioshiba kasi. Wana sehemu ya ukweli. Msamiati huu ulianzia Italia, kwenye vuguvugu la chakula lililoibuka mwaka 1986 watu walipopinga mgahawa wa McDonald's karibu na ngazi za Piazza di Spagna mjini Rome, na mwaka 1999 ukazaa mtandao wa miji inayojiita ya polepole. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akisubiri, kivuko, basi, zamu ya hospitali, ana haki ya kukasirika akiambiwa kwamba polepole ni raha. (Ile methali ya mwendo nimejizuia kuitaja tangu mwanzo na nitaendelea kujizuia.) Ila tutofautishe kusubiri na kutulia. Anayesubiri muda wake umeshikwa na mtu mwingine. Anayetulia ameushika mwenyewe. Na kutulia mbele ya watu, bila kununua, tunakujua tangu zamani kuliko Waitaliano hao: ndiyo baraza ya mwambao, ndiyo kijiwe cha kahawa chungu na kashata, ndiyo wazee wa Kisukuma chini ya mti wakianza na mwangaluka, salamu yao, ndefu isiyo na haraka ya kufika kwenye shida iliyowaleta. Kilichokosekana Mwanza ni kuuleta utamaduni huo ukingoni mwa maji.

Wengine wananijibu kwamba bustani tunayo, kisiwa cha Saanane. Naipenda Saanane, na natamani kila mtoto wa Nyamagana apelekwe. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na imebeba jina la mzee Saanane aliyekuwa akiishi na kulima pale. Pimbi wanaota jua juu ya miamba, swala pala wanakutazama bila wasiwasi, na mji mzima uko mbele yako ng'ambo. Lakini Saanane unaifikia kwa boti, kwa kiingilio, kwa saa za ofisi. Ni mahali pa kwenda mara moja kwa mwaka na wageni. Ninachokisema mimi ni mahali pa kupita saa kumi na moja jioni ukitoka kazini, ukiwa na mfuko wa sukari mkononi, ukakaa robo saa kwa sababu tu mwanga umekuwa mzuri. Kisiwa hakiwezi kufanya kazi ya ufuo.

Hoja nzito kuliko zote inatoka kwa watu ambao hawaandikwi sana kwenye makala za utalii: wavuvi, wachuuzi, wanawake wanaoanika dagaa. Kwao neno “bustani” likitoka mdomoni mwa ofisa maana yake ni trekta la kubomoa. Na historia ya ziwa hili inawapa haki. Kule Kisumu, hoteli za samaki za Lwang'ni, ambako mtu alikaa juu ya maji akala samaki mzima na ugali, zilibomolewa kupisha mipango ya kuboresha ufuo, na kwa wengi ndipo palipokuwa pahali pekee wanapokutana na ziwa. Mimi nasema wazi: ikiwa ufuo wa kutembea utapatikana kwa kuhamisha mialo, pale mitumbwi inapoteremsha samaki, usijengwe. Kwanza ni dhuluma. Pili ni ujinga wa kibiashara, maana mgeni wa polepole hasa anakuja kuona kazi. Hakuna kitu Mwanza kinachomshika mtu kama alfajiri ya mwaloni Kirumba, mitumbwi inaingia na karabai bado zinawaka, dagaa wanamwagwa kama sarafu, sangara anaburutwa na watu wawili, mnada wa kelele ambao asiyeujua anadhani ni ugomvi. Njia ya ufuoni inapaswa kupita kando ya mwalo kwa heshima, kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya watu, na irudi ndani kidogo pale kazi inapohitaji nafasi. Kisumu hao hao, pale Dunga, wanatuonyesha inavyowezekana: njia ya mbao inakatiza kwenye mafunjo, na hatua chache kutoka hapo wavuvi wanaendelea na shughuli zao.

Iko pia hoja ya afya na hofu, ambayo siipuuzi. Maji ya ufuo wa Mwanza yana kichocho, Mto Mirongo unaukatiza mji na kubeba kila tulichokitupa, na magugu maji hufunga ghuba pale upepo unapoamua. Zaidi ya hayo kuna kumbukumbu. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na kufika hapa, na mamia ya watu wakafa. Makaburi na mnara viko Igoma. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Familia nyingi za hapa humkataza mtoto asisogelee maji, na anayewacheka hajazika. Jibu langu ni dogo na la vitendo. Kichocho kinaingia kupitia ngozi iliyogusa maji yenye konokono wake, hakikupandi ukiwa benchini. Ufuo wenye njia iliyonyooka, choo kinachofanya kazi na bomba la kunawia hupunguza watu wanaoingia majini kwa kukosa pengine. Uchafu wa Mirongo tunauvumilia kwa sababu mwisho wake uko nyuma ya kuta, ambako haukai mtu wa kulalamika. Watu wakianza kukaa mdomoni mwa mto jioni, diwani hatalala. Na kuhusu hofu, mji uliokufiwa na maji unahitaji zaidi, pengine kuliko miji yote, mahali salama pa kuyatazama.

Iliyobaki ni ile hoja ya wahuni. Bustani ikiwa wazi, wanasema, itajaa wavuta bangi na wapenzi, kwa hiyo afadhali geti. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayoshinda kila kikao. Mwenye kuisema apite usiku kwenye vichochoro vilivyobaki kati ya kuta mbili za ufuoni, vile vya upana wa toroli, aniambie amewakuta akina nani. Mhuni anapenda pembe. Anapenda ukuta mrefu, taa iliyopasuka, mahali ambapo mama na watoto hawapiti. Mpe uwanda ulio wazi wenye muuza kahawa, watoto wa baiskeli, mzee na gazeti lake na mabinti wawili wanaopiga picha, atahama bila kufukuzwa. Kuhusu wapenzi, sijui tunataka waende wapi. Nyumba za wageni zenye feni mbovu?

Hofu kwamba cha bure hakiingizi kitu nayo imeshajibiwa mahali pengine kwa ushahidi. Mwaka 2002 jiji la Hangzhou, China, lilianza kuondoa kuta na viingilio vya bustani zinazolizunguka Ziwa la Magharibi. Waliopinga walihesabu tiketi zitakazopotea. Jiji likahesabu kwamba mtu asiyelipa getini hukaa muda mrefu, na anayekaa muda mrefu hula, hunywa chai na hulala. Mapato ya utalii ya mji yakapanda, na mwaka 2011 mandhari ile ikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Chicago nao waliandika kwenye ramani ya mwaka 1836 kwamba kipande cha ufuo wa Ziwa Michigan kibaki wazi daima, kisijengwe. Kuanzia 1890 mfanyabiashara Montgomery Ward akakaa mahakamani miaka ipatayo 20 kuhakikisha maneno hayo yanaheshimiwa, na watu wenye pesa wenzake walimchukia kwa hilo. Leo mji huo una njia ya ufuoni ya kilomita 29 hivi ambayo mgeni wake wa kwanza ni mkazi anayekimbia asubuhi. Tukitaka mfano wa nyumbani, tuna Forodhani. Bustani ile ya Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na jioni utakuta urojo, vijana wanaojirusha baharini kwa mbwembwe, mtalii na mtu wa Daraja Bovu kwenye ukingo mmoja. Usiku pana vurugu zake, najua. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, ukamkute mfagiaji, paka na bahari.

Kwa Mwanza sioni haja ya mradi mkubwa wenye jiwe la msingi. Njia ya kwanza iwe fupi, Kamanga hadi Capri Point, upana wa watu watatu kupishana. Miti iwe ya huku, mikuyu na miembe, si ile minazi ya mapambo inayokufa kabla ya mkandarasi hajalipwa. Muuza kahawa, mama wa mihogo ya kuchoma na kijana wa karanga wapewe nafasi zao tangu kwenye ramani, wasisubiri kufukuzwa ndipo wafikiriwe. Kibao cha yule mjusi. Taa. Spika zipigwe marufuku, na hapa najua nitapoteza marafiki. Daraja lenyewe limeshatupa fununu ya jinsi watu walivyo na njaa ya kitu hiki: lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili, na nimewaona watu wazima wameshuka kwenye magari yao Kigongo wanalitembea bila kwenda popote, wanasimama katikati, wanaweka viwiko kwenye ukingo na kutazama chini. Tumewajengea njia ya kupita dakika tano, wao wenyewe wamerudisha nusu saa yao.

Ugumu uko kwenye zile kuta, na huo hauhitaji tingatinga kama watu wanavyodhani. Hatimiliki zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1993 inaisha 2026. Ya 1994, mwaka unaofuata. Mwenye kiwanja atakuja dirishani na faili lake kuomba aongezewe muda, na ofisa ardhi atakuwa na karatasi ya masharti mbele yake. Sheria ya Ardhi inajua haki ya njia ya umma, na umilikaji unaweza kutolewa kwa masharti. Mstari mmoja unatosha: mmiliki ataacha wazi njia ya miguu upande wa ziwa, na ukuta wake atausogeza. Hakuna anayenyang'anywa nyumba, hakuna fidia ya mabilioni, na kwa kuwa hati haziishi siku moja, njia itaungana kipande kwa kipande, kiwanja kwa kiwanja, kwa miaka kumi au kumi na tano. Kinachotakiwa ni kwamba mstari huo uwepo kwenye karatasi kabla faili la kwanza halijapigwa muhuri, na kwamba madiwani wa Nyamagana na Ilemela waulizane leo hati za ufuoni zinazoisha miaka mitano ijayo ni ngapi na ni za nani.

Mama mdogo ana kliniki nyingine Desemba. Safari hii atavuka kwa dakika tano, na amenipigia simu kusema atakuja na kigoda chake.